Duara Jekundu Kwenye Orodha ya Mbingu

Wiki iliyopita binti mmoja anayesomea mambo ya maabara alikuja kuniamkia. Baada ya shikamoo akakaa, akatoa simu, akanionyesha picha ya siku yake ya kwanza kazini kijijini. Picha nzuri kweli: katabasamu, kavaa glavu, na mezani mbele yake orodha ya watu waliopimwa siku hiyo imefunuliwa. Nikavaa miwani. Nikasoma jina la kwanza, la pili, la tatu. La nne lilikuwa la mtu ninayesali naye.

"Mwanangu," nikamwambia, "futa hiyo picha kwanza. Chai tutakunywa baadaye."

Akafuta, lakini alicheka, kama watu wanavyomchekea bibi aliyepitwa na wakati. Sikumlaumu. Hakuna aliyemweleza. Ndiyo maana naandika haya, kwa ajili yake na kwa ajili yenu wote mnaoingia kazi hii mkidhani jambo gumu ni sindano. Sindano mtaizoea kwa mwezi mmoja.

Jina langu la ubatizo ni Skolastika, ila bonde zima lilinijua kama Dada Skola. Miaka ya tisini niliajiriwa na mradi mmoja wa utafiti wa malaria ulioongozwa na wageni kutoka Ulaya. Jina la mradi siliandiki, ulikwisha zamani. Tulipanga nyumba Lipangalala, Ifakara, nje kidogo ya barabara. Chumba kimoja kilikuwa maabara, kingine ofisi, na cha tatu kilikaliwa na friza mbili kubwa zilizovuma kutwa kama mashine ya kukoboa mpunga. Humo ndimo tulimoweka damu ya watu. Kila damu tuliigawa mara mbili: nusu ilibaki kwetu, nusu ikapanda ndege kwenda Ulaya, nako ikawekwa kwenye friza nyingine kubwa zaidi. Nilipouliza itakaa huko muda gani, niliambiwa, "Muda mrefu." Nikaridhika na jibu hilo. Nilikuwa na miaka ishirini na sita.

Niwape machache ya kazi kwanza, maana hayapatikani vitabuni. Namba ya kichupa iandikeni kwa penseli. Wino ukikaa kwenye baridi unachuruzika, na ukija kukitoa kichupa baada ya miezi unakuta una damu lakini huna mtu. Tena, mkitonesha damu kwenye karatasi ili ikauke, msiianike mezani. Itundikeni kwenye kamba, na kamba ipakeni mafuta ya taa ncha zote mbili. Mwaka wangu wa kwanza niliacha karatasi mezani nikaenda kula. Niliporudi sisimizi walikuwa wamekula kaya nzima ya watu wanane. Mzee Desderi akayatazama yale matundu, akasema, "Hongera. Sasa waulize sisimizi kama wana malaria."

Huyo Mzee Desderi ndiye aliyenifundisha. Alikuwa fundi mkuu wa maabara yetu, mtu mfupi, mzaliwa wa ng'ambo ya mto, mwenye koti jeupe lililofuliwa mpaka likawa na rangi ya maziwa. Hakupandisha sauti hata siku moja, na ndiyo maana tulimwogopa. Sheria yake ilikuwa fupi: damu iende na namba, jina libaki kwenye daftari, daftari libaki kabatini, na ufunguo ubaki kwa mtu mmoja. Mtu huyo alikuwa yeye. Aliufunga ufunguo kwenye mkanda wa suruali, na hata akienda kuoga nadhani alikwenda nao.

Siku zangu za mwanzo nilisimama mlangoni mwa zahanati moja nikaita kwa sauti, "Mama Agnes, rudi! Damu yako ina wadudu wengi!" Nilidhani namsaidia mwenzangu awahi dawa. Mzee Desderi akaniita pembeni.

"Umemwambia nini yule mama?"

"Ana wadudu wa malaria."

"Malaria hukuitaja. Umesema wadudu. Tazama benchi."

Nikatazama. Mama Agnes alikuwa amekaa, na watu wa kulia kwake na wa kushoto kwake walikuwa wamesogea. Miaka ile UKIMWI ulikuwa umeshaingia bondeni, dawa zake kwetu hazikuwapo, na watu hawakuutaja kwa jina. Walisema fulani ana mdudu, au fulani amekanyaga waya. Ilinibidi nirudi pale mlangoni nieleze malaria kwa urefu kama mwalimu, na uso unaniwaka moto.

Mngedhani nilijifunza. Nilijifunza kuhusu mdomo. Kuhusu karatasi nilikuwa bado.

Mwaka uliofuata tulikuwa kijiji cha Mbingu, kwenye barabara ya kwenda Mlimba. Kuna mama pale alikuwa akikaanga vitumbua vya mchele kando ya barabara, na magari ya abiria yalisimama kwa ajili yake. Jina lake Eufrasia, watu walimwita Mama Kalisto kwa mwanawe wa kwanza na wa pekee, ambaye wakati huo alikuwa bado ananyonya. Mumewe, Alfonsi, alikuwa mkulima wa mpunga, mtu mpole kupita kiasi. Neno lake la mwisho daima lilikuwa la kaka yake mkubwa, Titus.

Siku moja nilikuwa nje ya zahanati na ubao wangu wa kuandikia, orodha ya majina imebanwa juu yake. Kulikuwa na watu sita ambao damu yao ilikuwa imeganda kwenye kichupa au haikutosha, kwa hiyo ilibidi niwarudie. Nikayazungushia majina yao duara. Kalamu niliyokuwa nayo mfukoni ilikuwa nyekundu. Kama ingekuwa ya bluu labda nisingekuwa na kisa cha kuwasimulia. Kati ya hao sita, watano walikuwa watoto wadogo. Wa sita alikuwa Eufrasia.

Mara mtoto akaanza degedege ndani. Nikautupa ubao kwenye benchi, karatasi juu, nikakimbia. Tulihangaika na yule mtoto karibu saa nzima mpaka akatulia. Nilipotoka nje, ubao ulikuwa palepale kwenye benchi, lakini umegeuzwa upande. Niliona. Nikapuuza, kwa sababu mtoto alikuwa amepona na moyo wangu ulikuwa mwepesi.

Wiki iliyofuata nikawapitia wale sita nyumbani kwao, nikawatoboa upya, nikaondoka zangu.

Niliporudi tena Mbingu baada ya majuma mawili, nilishuka garini nikahisi kuna jambo. Watoto hawakunikimbilia. Wanawake kisimani waliitika salamu yangu bila kuinua macho. Pale pa Eufrasia kando ya barabara mafiga yalikuwa yamepoa, na mvua ilikuwa imeshaingia kwenye majivu. Nikauliza aliko. Nikaelekezwa kwa mama yake, mwisho kabisa wa kijiji.

Nilimkuta amekaa kwenye mkeka, kifua chake kimefungwa khanga kwa nguvu. Nikamwamkia mama yake. Marahaba ilichelewa kuja.

"Dada Skola," Eufrasia akasema, "umeniandika nini?"

"Nimekuandika wapi?"

"Kwenye karatasi yako. Nimezungushiwa nyekundu. Watu wameona. Halafu ukaja mpaka kwangu kunitoa damu mara ya pili. Kwa nini mimi?"

Akanieleza yaliyompata. Siku tatu mfululizo alikaanga vitumbua na hakuna aliyenunua. Alivirudisha nyumbani vikaliwa na kuku. Siku ya nne Titus akaja na sanduku la nguo za Eufrasia kichwani mwa mpwa wake, akaliweka hapo uani. Alfonsi alisimama nyuma, akitazama vidole vya miguu yake.

"Na Kalisto yuko wapi?"

"Wamembakiza. Wamesema maziwa yangu yana sumu." Alikishika kifua kile kilichofungwa. "Yanauma, Dada Skola. Yanajaa na mtoto hayupo. Wewe ndiye uliyeandika. Nenda kawaambie sina."

Njia nzima ya kurudi Ifakara nilikuwa nalia, na dereva alijifanya anatazama barabara. Nilikuwa nimeshapanga la kusema. Nitaitisha watu, niseme Eufrasia hana ugonjwa wowote, duara lilikuwa la damu kuganda, basi. Asubuhi yake nikamwambia Mzee Desderi hivyo.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Unajua kwamba hana?"

"Mzee, hatukupima kitu hicho. Sisi tunapima malaria."

"Sisi hapa hatukupima," akasema.

Akaufungua ufunguo kwenye mkanda wake, akafungua kabati, akatoa karatasi ya faksi iliyokunjwa, akailaza kifudifudi juu ya meza. Ilikuwa imefika siku kadhaa nyuma. Wenzetu wa Ulaya walikuwa na swali jipya, kama UKIMWI unabadilisha namna mtu mzima anavyougua malaria. Damu walikuwa nayo kwenye friza, tuliyowatumia awamu zilizotangulia, hawakuona haja ya kurudi kwa wenyewe. Wakapima. Kwenye faksi hakukuwa na majina, namba tu, na mbele ya kila namba alama ya kujumlisha au ya kutoa.

"Majina wanayo?" nikauliza.

"Majina yako hapa." Akaweka kiganja juu ya daftari. "Sijalifungua tangu faksi ije. Na hilo la kusema hana, lifikirie vizuri. Leo utasimama useme Eufrasia hana. Kesho watakuja na jina la mwingine, wakuulize. Huyo ukimnyamazia, utakuwa umemtaja."

Nilikuwa bado nalitafuta jibu tuliposikia geti linagongwa kwa kitu cha chuma. Titus. Alikuwa na wanaume wawili, na alikuwa ameshika panga. Panga la shamba, kila mwanamume bondeni analo, lakini hatukuwa shambani. Mzee Desderi alitoka kuwakabili kama alivyokuwa, na koti lake. Daftari likabaki mezani. Faksi ikabaki mezani. Nami nikabaki chumbani peke yangu.

Nawaambieni ninyi jambo ambalo sikumwambia padre kwa miaka mingi. Nililifungua lile daftari. Vidole vyangu vilijua njia: Mbingu, kitongoji, kaya, jina. Namba ya Eufrasia nikaipata kwa muda mfupi kuliko wa kuvaa viatu. Halafu nikaigeuza faksi, nikaanza kushuka na kidole kwenye safu ya namba. Nilijiambia namwokoa. Nikikuta ni ya kutoa, nakwenda Mbingu na ukweli mkononi. Nikikuta ni ya kujumlisha... hapo sikujiambia kitu.

Nje nilimsikia Titus. "Mzee, mimi ndiye mkubwa wa ule ukoo. Nina haki ya kujua."

"Una haki," Mzee Desderi akajibu, kwa sauti yake ileile. "Na wewe tulikutoboa, nakumbuka. Ingia ukae nikusomee ya kwako. Hata mbele ya hawa wenzako, ukitaka."

Nikasikia friza zinavuma.

"Yangu sikuja kuuliza," Titus akasema hatimaye.

"Basi na yeye yake hajaja kuiuliza."

Kidole changu kilikuwa kimebakiza kama namba kumi kuifikia ile. Nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona tena maishani. Yule mwanamume aliyekuja na panga, na mimi niliyekuwa ndani na kalamu mfukoni, tulikuwa tunatafuta kitu kimoja. Nikafumba macho, nikaigeuza faksi kifudifudi kwa kupapasa, nikalifunga daftari. Titus na wenzake walipoondoka, Mzee Desderi akaingia, akatazama meza, akanitazama mimi. Alilirudisha daftari na faksi kabatini, akafunga, akasema tu, "Twende tukamwone Dokta."

Dokta Marten ndiye mgeni aliyekuwa akituongoza. Hakuwa mnyonya damu, ingawa kuna waliomwita hivyo; alikuwa mtu mwema, aliyejifunza Kiswahili kitabuni na kukisema polepole kama anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Tulipomweleza, aliinamisha kichwa.

"Ni namba tu," akasema. "Mtu hajulikani."

"Dokta," nikamwambia, "leo asubuhi nimempata mtu mmoja ndani ya namba zako, na chai ilikuwa haijapoa."

Mzee Desderi alitazama dirishani. Nadhani alikuwa ameshajua.

Nikamwuliza Dokta kama kwao nako wanafanya hivi. Akavua miwani. Akasema zamani ndiyo, damu ikibaki hospitali iliwekwa na kupimwa, mwenyewe hana habari. Kisha watu wakaja kujua, wakakasirika, magazeti yakaandika. Siku hizi kuna kamati, na kuna ubishi mkubwa: nchi moja inasema mwenye damu aulizwe kila mara, nyingine inasema ukishaondoa jina inatosha.

"Na watu wa Mbingu," nikamwuliza, "wao wamo katika nchi ipi kati ya hizo?"

Akavaa miwani yake. Baadaye aliniomba nisilitaje jambo la faksi kwenye mkutano tuliokuwa tumeuitisha Mbingu. Nieleze duara jekundu, nisimame hapo. Akasema kazi ya miaka mitatu itaanguka, na watoto ndio watakaokosa dawa mpya ya malaria. Hakuwa anasema uongo. Ndiyo maana usiku huo sikulala.

Mkutano ulifanyika kwenye ghala la mpunga la kijiji, Jumamosi saa nne asubuhi. Watu walijaa mpaka wengine wakakaa juu ya magunia. Mwenyekiti alinikaribisha kwa maneno mawili tu. Nikafumbata mikono nyuma.

Nikasema duara jekundu ni kosa langu. Nikaeleza damu inavyoganda, na kwamba tukilizungushia jina duara maana yake ni kurudi kutoboa tena, basi. "Kulikuwa na majina sita," nikasema. "Siwezi kuyataja. Mwenye kurudiwa anajijua."

Nilimwona Eufrasia amesimama nje ya mlango, hakuingia.

Titus akainuka. "Anamfunika huyu. Aseme waziwazi: yule ana, au hana?"

"Kaka Titus, hata wewe mtu akija kuniuliza habari zako, nitamjibu hivihivi."

Wengine wakaguna. Nikahisi mkutano unaniponyoka. Ndipo mwanamke mmoja aliyekaa juu ya gunia, ambaye sikutegemea angesema neno, akasimama na mtoto mbavuni.

"Huyu wangu alirudiwa," akasema. "Nyumbani kwangu alikuja. Mtoto ana miaka mitatu. Naye amekanyaga waya?"

Mwanamke wa pili akasimama. Alimnyanyua tu binti yake watu wamwone. Wa tatu akasimama. Wa nne. Wa tano alikuwa bibi, analea mjukuu. Alichukua muda kuinuka, na watu wakamshika mkono. Wakabaki wamesimama hivyo, watano, mpaka kila mtu aliyejua kuhesabu akageuza kichwa kutazama mlangoni, kwa wa sita.

Ingeweza kuishia hapo. Nilikuwa nimeshameza mate ya kushukuru. Lakini Titus alikuwa hajakaa. Nadhani aibu ndiyo iliyomsukuma, maana aliuliza swali ambalo mtu mwenye akili tulivu asingeliuliza. "Basi semeni. Hiyo damu yetu, ugonjwa huo mliupima au hamkuupima?"

Nyuma kabisa akasimama Mzee Masanja, Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake miaka michache nyuma, mtu ambaye kijiji kilimsikiliza kwa nusu sikio kwa sababu ya ugomvi wa mashamba na malisho. "Mimi nina la kuongeza hapo," akasema. "Bwana mifugo akija kumtoa damu ng'ombe wangu, ananiambia anampima kitu gani. Ng'ombe, jamani. Sasa mimi mwenyewe je?"

Watu wakacheka, kisha kicheko kikakatika ghafla, wote kwa pamoja, wakanitazama.

Nikamtazama Dokta Marten. Akatikisa kichwa kidogo sana. Nikamtazama Mzee Desderi. Alikuwa anatazama sakafu; hilo aliniachia mimi.

"Tulipima," nikasema. "Ilipimwa Ulaya, kwa namba, bila majina. Hatukuwaombeni. Tuliwaambia ni malaria, na hatukurudi kuwaomba."

Siwezi kuwaeleza kelele iliyotokea. Kuna aliyelia. Kuna aliyeniita jina ambalo sitaliandika. Kuna wanaume waliomfuata Dokta mpaka ukutani, na Mwenyekiti akaingia katikati amenyoosha mikono. Dokta alikuwa mweupe kama ukuta wa zahanati, lakini nitampa haki yake: hakukimbia. Alisema kwa Kiswahili chake cha mawe, "Ni kweli. Mimi niliomba ipimwe. Skola hakujua." Halafu akasema, "Samahani," mara moja tu.

Tuliondoka na madongoa ya udongo yakigonga bati la gari. Dereva akanung'unika kwamba alikuwa ameliosha jana yake tu.

Yaliyofuata hayakuwa mepesi. Kazi ilisimama. Wenzangu wawili walipoteza ajira, na mmoja wao hakunisemesha tena; alikuwa na watoto wanne, namwelewa. Mbingu walituma sharti lao: anayetaka damu yake itoke kwenye friza, itoke, na aone kwa macho. Dokta akaandika Ulaya, na baada ya kusubiri sana ikaja barua kwamba damu yote ya Mbingu iliyokuwa kule imeteketezwa. Hayo tuliyaamini kwa maandishi tu. Ya kwetu tuliitoa mbele ya wenyewe. Kwa siku kadhaa watu walikuja Lipangalala, kwa baiskeli na kwa miguu, nami nilimpa kila mmoja kichupa chake mkononi kabla ya kukitia kwenye shimo la moto nyuma ya nyumba. Wengi waliuliza swali moja: "Ni hii tu?" Ni hiyo tu, nikajibu. Walitarajia ndoo.

Mzee Masanja alitazama yake ikiungua mpaka mwisho. Kisha akakunja mkono wa shati akaninyooshea mkono. "Haya, toa nyingine. Ila safari hii anza kwa kunieleza." Nilimweleza karibu saa nzima, na alinikatiza kila dakika. Nyaraka zenu za ridhaa za siku hizi ni ndefu na nzuri, lakini bado sijaona yenye maswali mazuri kama yale.

Naye Alfonsi, siku ya pili baada ya mkutano, alimbeba Kalisto mwenyewe mpaka kwa mama mkwe wake. Hakumwuliza Titus. Watu wanasema ndiyo mara ya kwanza. Eufrasia alimpokea mtoto, akaingia naye ndani kumnyonyesha, akamwambia mumewe kupitia mlangoni, "Mtoto nimempokea. Wewe nenda, nitakuita." Ilichukua msimu mzima wa mpunga kabla hajamwita.

Katikati ya msimu huo alikuja Lipangalala, mchana, Kalisto mgongoni. Nilidhani amefuata kichupa. Akasema kichupa kikae, au kiungue, si kitu kwake. "Nimekuja kusomewa," akasema. "Maana iko karatasi yenye habari zangu, na mimi peke yangu sijaiona."

Mzee Desderi akamkaribisha kiti. Alimweleza taratibu kwamba kipimo kile kilikuwa cha utafiti, si cha kumwambia mtu hali yake, na kwamba asomewe asisomewe, hospitali ingempima upya na kuna nesi wa kukaa naye. Akamwuliza kama amekuja na ndugu. Akasema hapana, wala hamtaki. Mzee akamwuliza mara ya pili kama kweli anataka kujua. Eufrasia akasema, "Nimekwisha kuadhibiwa, Baba. Nipeni basi na habari yenyewe."

Mzee akaufungua ufunguo kwenye mkanda. Nami nikatoka, nikaufunga mlango nyuma yangu, nikaenda kusimama barazani mahali ambapo sauti haifiki.

Walikaa sana. Alipotoka, nikageuka nikatazama barabara, nisije nikausoma uso wake.

"Dada Skola. Nitazame."

Nikamtazama. Macho yake yalikuwa makavu. Kalisto alikuwa amelala, shavu limebanwa kwenye mgongo wa mama yake.

"Umeona nini?"

"Nimemwona Mama Kalisto."

"Basi," akasema, "andika hivyo."

Akamweka mtoto vizuri mgongoni, akafuata njia ya kituo cha mabasi. Miaka mingi baadaye tuliendelea kukutana, sokoni, misibani, mara moja kwenye kivuko cha kwenda Lupiro, na tulizungumza bei ya mchele na habari za watoto. Mzee Desderi alifariki bila kuniambia alichokisoma siku ile, nami sikumwuliza.